Ticket to Work: nilivyoutumia mpango huu baada ya kiharusi

Ijumaa baada ya sala, hapa Brooklyn Park, Minnesota, hakukosi dada wa kunivuta kando pale kwenye rafu za viatu. Huangalia huku na huku, kisha huniuliza kwa sauti ya chini: "Dadangu, ni kweli ulikuwa unafanya kazi huku unapokea pesa za ulemavu? Hawakukushika?"

Hawakunishika kwa sababu sikumwibia mtu. Sheria ya Marekani inamruhusu anayepokea malipo ya ulemavu kujaribu kazi, na kuna mpango mzima wa kumsaidia, unaoitwa Ticket to Work, ulioletwa na sheria ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini Disemba 1999. Mimi niliingia kwenye mpango huo Machi 2022. Nimeona uzuri wake na nimeumia nao pia, na leo nauandikia tathmini kama vile mtu anavyomweleza jirani kuhusu fundi aliyemjengea nyumba.

Nianze na mimi ni nani, maana bila hilo hesabu zangu hazitaeleweka. Ni mzaliwa wa Malindi. Nilikuja Minnesota mwaka 2008 kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, na kwa miaka kumi nilifanya kazi ya wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwainua kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Februari 2019, nikiwa na miaka 43, nilitoka zamu ya usiku, nikafika kwenye gari, ufunguo ukanianguka na sikuweza kuuokota. Kiharusi. Mkono wa kushoto haukurudi. Mguu umerudi nusu. Ulimi, alhamdulillahi, haukuguswa.

Kwa kuwa nilikuwa nimekatwa kodi ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, kwenye kila mshahara kwa miaka yote hiyo, nilistahili SSDI, ile bima ya ulemavu inayotokana na makato yako mwenyewe. Hailipi tangu siku uliyougua: kuna miezi mitano kamili ya kusubiri, na Medicare, bima ya afya ya serikali, huja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Miezi ile ya kusubiri tuliishi kwa mshahara wa bwanangu na kwa wenzangu wa chama chetu cha kuchangiana pesa, walionipa zamu yangu ya kupokea mapema bila mimi kuomba.

Malipo yalipoanza kuingia, nyumba ilipumua. Na hofu nayo ikaingia mlango huohuo. Mtu akishapata kile kidogo kilichomgharimu makaratasi ya mwaka mzima, hataki kukigusa tena. Barua ya kwanza ya Ticket to Work ilipokuja, bwanangu aliisoma mara mbili, akasema, "Hawa wanataka kujua kama umepona." Mamangu, kwa simu kutoka Malindi, alinitolea ile methali yetu: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nikaitia barua kwenye droo ya jikoni, chini ya leso, ikakaa humo karibu miaka miwili.

Iliyonifanya niitoe ni siku moja kwenye kliniki ya mazoezi. Mama mmoja wa Kikongo alikuwa dirishani anaulizwa maswali kwa Kiingereza, na anajibu "yes" kwa kila kitu, hata kwa swali la kama ana mzio wa dawa. Nikajikongoja hadi pale nikamfasiria. Tulipomaliza, mhudumu wa dirishani akaniuliza ni kampuni gani ya wakalimani imenituma. Nilirudi nyumbani nikafungua droo.

Mpango wenyewe uko hivi. Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 64, na unapokea SSDI au SSI (ile ya wenye kipato kidogo, isiyotegemea makato ya mshahara) kwa sababu ya ulemavu, tiketi unayo tayari. Zamani walikutumia karatasi. Siku hizi hakuna cha kushika mkononi, limebaki jina. Tiketi hiyo unaikabidhi kwa ofisi moja unayoichagua wewe: ama ofisi ya jimbo inayowarudisha watu kazini, ama kampuni au shirika lililoandikishwa na Social Security, zile zinazoitwa Employment Network, kwa kifupi EN. Hulazimishwi. Hulipi hata senti moja, na EN ikikuomba pesa jua hapo pana udanganyifu. Siku ukichoka nao unaiondoa tiketi yako ukaipeleka kwingine. Na wakati tiketi inatumika, na unapiga hatua zinazotakiwa, hawakuanzishii ule ukaguzi wa kiafya wa kutazama kama ulemavu ungalipo. Hili la mwisho lingemfanya bwanangu aitoe barua kwenye droo siku ileile, lau angelijua.

Mimi nilichagua vibaya. EN ya kwanza, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa jimbo jingine kabisa, nami niliichukua kwa kuwa ndiyo iliyonipigia simu mwanzo. Kijana aliyenishughulikia alinijazia mpango wa kazi kwa dakika ishirini. Hakuuliza mkono wangu unaweza nini. Baada ya hapo, kila Jumatatu asubuhi ninapata barua pepe yenye viungo kumi au kumi na viwili vya nafasi za kazi. Kupanga mizigo ghalani Shakopee, uwe unaweza kuinua ratili 50. Kuendesha gari la kusambaza vifurushi. Kazi ya wazee, ileile iliyonishinda. Nikimwandikia kwamba mkono mmoja haufanyi kazi, ananijibu "Asante kwa taarifa," na Jumatatu inayofuata ghala ni lilelile.

Baadaye nilikuja kuelewa chanzo. EN hailipwi na mteja. Hulipwa na Social Security pale mteja anapofikia viwango fulani vya mapato. EN yenye bidii itakutafutia kazi utakayodumu nayo, kwa sababu nayo inaendelea kulipwa kadiri unavyodumu. Isiyo na bidii inavua kwa juya: inawarushia watu mia moja viungo vilevile, atakayenasa amenasa.

Miezi minane ikapita hivyo, na mimi nikiogopa zaidi kila mwezi. Mpango una ukaguzi wa maendeleo kila baada ya miezi 12. Mwaka wa kwanza wanatazama kama umefanya kazi angalau miezi 3 kwa kiwango cha mapato kilichowekwa, au umepiga hatua kubwa ya masomo. Ukishindwa hawakunyang'anyi malipo. Unachopoteza ni ile kinga ya kutoanzishiwa ukaguzi wa kiafya. Wakati ule sikuijua tofauti hiyo na hakuna aliyenieleza. Novemba 2022 nilikuwa silali. Nikaandika barua ya kuiondoa tiketi yangu, mistari miwili, nikaituma, na ndani ya siku chache ikawa huru. EN ile naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hawakunizuia kuondoka.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Kabla hujampa mtu yeyote tiketi yako, zungumza na mshauri wa malipo. Social Security inagharimia huduma ya ushauri huo kwa wanaotaka kufanya kazi, inaitwa WIPA, na hapa Minnesota mimi nilianzia Disability Hub MN, huduma ya jimbo ya kuwasaidia wenye ulemavu. Wao hawakutafutii kazi. Wanakaa nawe wakakuonyesha, kwa mapato yako na bima yako wewe, mwezi gani utapokea nini. Mimi nilianza na kazi nikamalizia na ushauri, na kinyume chake kingeniokolea karibu mwaka mzima wa wasiwasi.

Mama aliyenihudumia hakunigusia habari ya kazi hata kidogo siku ya kwanza. Aliomba taarifa inayoitwa BPQY kutoka Social Security, kurasa chache zinazoonyesha unapokea malipo gani, una bima gani, na umekwisha tumia miezi mingapi ya majaribio. Yangu ilisema sifuri. Akanipigia simu nikiwa na kalamu na daftari la shule la binti yangu, tukakaa saa nzima na robo.

Nilichoandika kwenye daftari lile ndicho ninachowasomea akina dada mpaka leo. Una miezi tisa ya majaribio. Mwezi wowote utakaopata zaidi ya kiasi fulani, kabla ya makato, unahesabiwa: mwaka 2023 kiasi hicho kilikuwa dola 1,050, mwaka 2024 kikawa 1,110, na 2025 kikawa 1,160. Miezi hiyo tisa si lazima ifuatane, ila wanaihesabu ndani ya miezi 60. Katika miezi hiyo, hata ukilipwa dola elfu tano kazini, SSDI yako inaingia yote, ilimradi umeripoti na ulemavu ungalipo. Ikiisha, inafunguka miezi 36 ambayo kila mmoja unatazamwa peke yake. Hapo kuna kikomo: mwaka 2024 kilikuwa dola 1,550, mwaka 2025 dola 1,620, na kwa wasioona ni kikubwa zaidi. Ukiwa chini ya kikomo unalipwa, ukikivuka hulipwi. Ukikivuka mara ya kwanza, bado unalipwa mwezi huo na miwili inayoufuata. Na hata malipo yakishakatika kabisa, una miaka 5 ya kuomba urudishwe bila kuanza ombi jipya, na huku wanakuchunguza wanaweza kukulipa kwa muda, hadi miezi 6.

Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika. Mara zote tatu alinisomea tena, polepole, bila kuchoka. Nilipokata simu nilimwita bwanangu aje aone daftari. Akakaa, akasoma, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Na Medicare?" Nikamwonyesha mstari wa chini: baada ya miezi ya majaribio inaendelea kwa angalau miezi 93, yaani zaidi ya miaka saba. Usiku ule tulilala.

Nyota tano, na kama zingekuwepo saba ningetoa saba.

Januari 2023 tiketi niliipeleka kwa ofisi ya jimbo, ambayo mshauri wake nilimkuta kwenye jengo la CareerForce, kituo cha ajira cha jimbo. Kuna tofauti kubwa na EN: ofisi ya jimbo inaweza kugharimia mafunzo na vifaa. Mshauri aliniomba niandike jina langu, nifungue mlango, nitumie kibodi, nipande ngazi nne. Alitazama. Halafu akauliza nataka kufanya nini, nami nikamhadithia yule mama wa kliniki. Nikalipiwa kozi ya ukalimani wa hospitalini ya saa 40, ambazo ndizo saa za chini zinazodaiwa na bodi za kitaifa zinazowapa vyeti wakalimani wa tiba. Nikapewa kibodi ya mkono mmoja, kiti chenye egemeo la mkono uliopooza, na hedifoni. Darasani nilikwenda kwa Metro Mobility, yale magari ya kuwabeba wenye ulemavu, theluji hadi magotini, na dereva alikuwa akinishusha mlangoni kabisa.

Mtu aliyezaliwa Malindi anadhani Kiswahili anakijua. Kozi ilinionyesha ninajua nusu. Niliandika msamiati wa kongosho, tezi, mfuko wa nyongo, kitovu cha mtoto. Na nikaanza kusikiliza Kiswahili cha Kongo kwa heshima, maana wateja wengi huku ni wao: anayesema "batoto" si kwamba amekosea, na "masomo" kwake huweza kuwa shule yenyewe, jengo na yote. Ukimsahihisha umemfunga mdomo, na daktari hatapata habari aliyoitaka.

Nikaajiriwa Mei 2023, kazi ya ukalimani wa simu, nikiwa nyumbani, dola 21 kwa saa. Kabla ya hapo kampuni nyingine ilinitaka kwa malipo ya dakika, kama mtu aliyejiajiri. Yule mama wa ushauri akanitahadharisha: kwa aliyejiajiri hesabu hubadilika, na ukivusha saa 80 za kazi kwa mwezi, mwezi wa majaribio umekwenda hata kama faida ni ndogo. Nikachagua kuajiriwa.

Sitasema yaliyomo kwenye simu hizo, ni siri za watu. Nitasema tu kwamba kuna usiku simu inaingia kutoka jimbo ambalo sijawahi kulikanyaga, nasikia mtoto akilia na mama yake akisema neno moja moja, na ninajua kwamba kati yake na daktari nipo mimi peke yangu. Mkono wangu wa kushoto umelala kwenye egemeo lake, haudaiwi kitu. Kwa miaka minne nilikuwa nimeamini kwamba sina tena cha kumpa mtu.

Miezi yangu tisa ilikwenda hivi: Juni hadi Novemba 2023, miezi sita. Disemba nilikuwa Malindi kumwona mamangu, sikupata kitu, haikuhesabiwa. Januari, Februari na Machi 2024 zikamaliza. Muda wote huo nilikuwa nikipokea mshahara wangu na SSDI yangu yote, dola 1,284 kwa mwezi mwaka ule wa 2024, na tukalipa deni la hospitali.

Baada ya hapo nikaufikia ukuta, na hapa ndipo naiona sheria yenyewe imekosea. Tazama. Kwa saa 17 kwa wiki nilikuwa napata kama dola 1,546 kwa mwezi, chini kidogo ya kikomo, kwa hiyo nilibaki na 1,284 zangu: jumla 2,830. Kwa saa 20 ningepata 1,819, nimevuka kikomo, na 1,284 zote zinaondoka. Saa tatu zaidi za kazi kwa wiki zinakupunguzia zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi. Kuna miezi mirefu ilinibidi nikatae zamu, wagonjwa wapo kwenye laini na mimi nakaa nikitazama simu. Ile hainiingii akilini mpaka leo. Kwenye SSI wanapunguza kidogo kidogo. Kwa nini SSDI iwe kama kukatwa kwa panga? Kidogo kinachosaidia ni kwamba gharama za kazi zinazotokana na ulemavu wako, kama dawa unazolipia mwenyewe ili uweze kufanya kazi, zinaweza kuondolewa kwenye hesabu kabla hawajalinganisha na kikomo. Tunza risiti.

Aprili, Mei na Juni nilibaki saa 17. Julai 2024 kampuni ikanipa saa 36 kwa dola 23, kama dola 3,580 kwa mwezi, na hapo kuruka ukuta kukawa na maana. Nikaruka.

Ofisi ya jimbo ilikuwa imekwisha kufunga faili langu, kama wanavyofanya ukishatulia kazini, na tiketi ikahamia kwa EN ya pili kwa ajili ya msaada wa kudumu kazini. Hii nayo jina silitaji. Haikuwa mbaya. Ilinisaidia kuandika ombi la kupumzika dakika tano baada ya simu ndefu, na mwajiri akakubali. Lakini kosa lake moja lilikaribia kunigharimu kila kitu. Kila mwezi walinitaka niwatumie hati yangu ya mshahara. Nikamwuliza mhudumu wao: "Je, niipeleke na Social Security?" Akanijibu, "Usijali, zinafika huko."

Zilifika, ndiyo, lakini kama madai ya EN kulipwa. Kuripoti mapato yako ni jambo jingine kabisa, na ni jukumu lako wewe mwenye malipo. Watu wangu, shikeni hili kuliko yote niliyoyaandika: hati unayoipa EN si ripoti. Ripoti mwenyewe, kwa akaunti yako ya mtandaoni ya Social Security, kwa simu au kwa kupeleka hati ofisini, na uchukue stakabadhi yenye tarehe. Yangu naziweka kwenye faili la bluu.

Malipo ya Julai, Agosti na Septemba yalikuwa halali yangu. Ya Oktoba, Novemba na Disemba hayakuwa, na yaliingia. Kilichoniokoa ni maneno ya yule mama wa Disability Hub, niliyoyaandika kwa herufi kubwa nyuma ya daftari: pesa ikiingia baada ya mwezi wako wa mwisho, usiile. Niliiweka akaunti ya pembeni, dola 3,852. Barua ya kudaiwa ilipokuja Februari 2025, nililipa yote kwa mara moja, mikono ikinitetemeka. Namjua mwenzangu wa jimbo jingine aliyepata barua kama hiyo wakati pesa imekwisha kwenda nyumbani kwa ada ya shule. Kwa aliye katika hali hiyo: usiitupe barua. Unaweza kukata rufaa, unaweza kuomba usamehewe ikiwa kosa si lako na huna uwezo, na unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Anayenyamaza ndiye anayekatwa.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho ni ankara ya Medicare. SSDI ilipokuwa inaingia, ada ya sehemu B ya Medicare, ile inayogharimia madaktari, ilikuwa ikikatwa humohumo nisiione. Malipo yaliposimama, ankara ikaja kwa posta, ya miezi mitatu kwa pamoja, wakati huo dola 185 kwa kila mwezi. Nilidhani ni matapeli. Si matapeli, ilipe, usije ukapoteza bima uliyoipigania. Hapa Minnesota kuna pia MA-EPD, yaani Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya watu wenye ulemavu wanaofanya kazi, unalipa ada kulingana na mapato yako. Jimboni kwako ulizia kama upo mpango wa namna hiyo.

Ile ahadi ya miezi 36 niliijaribu kwa mwili wangu. Aprili 2025 nilipatwa na degedege, jambo linaloweza kumpata mtu aliyepigwa na kiharusi. Siku tatu hospitalini, kisha wiki tano bila kazi. Mapato ya Aprili na Mei yote yalikuwa chini ya dola 1,620. Nikapeleka hati zangu na stakabadhi, sikujaza ombi jipya, sikuitwa kwa daktari, na malipo ya miezi hiyo miwili yakaja. Bwanangu alikuwa na simu mkononi akitazama akaunti. Alisema tu, "Kumbe ni kweli."

Kwa mnaopokea SSI hesabu ni nyingine, msichukue ya kwangu. Hapo wanaziacha dola 20 za kwanza na 65 za mshahara, kisha nusu ya kinachobaki ndiyo inayopunguza malipo. Kijana wa jirani yangu, mama wa kutoka Uvira, Kongo, alipata kazi ya dola 885 kwa mwezi mwaka 2025. Ondoa 85, zinabaki 800, nusu yake 400. SSI yake ya dola 967 ikashuka hadi 567, na mkononi akawa na 1,452. Medicaid yake haikuguswa. Lakini SSI ina masharti mengine makali: mtu mmoja asiwe na akiba inayozidi dola 2,000, na chama kikikupa zamu yako ikalala kwenye akaunti, nayo itahesabiwa. Na ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo yanasimama. Mwenye SSI anayepanga kwenda kumzika mzazi nyumbani, alijue hilo kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Basi mpango wenyewe naupa nyota nne. Ya tano imeanguka kwenye ule ukuta wa kikomo, na kwa kuwa mtu mgeni anaachwa achague EN kama anayechagua embe gizani. Kama ningeanza upya, ningezihoji EN tatu au nne kwa simu kabla ya kutia saini: mmewahi kumsaidia mtu mwenye ulemavu kama wangu? Nani atanieleza habari za malipo? Hati ya mshahara mnaitaka ya nini? Ambaye hawezi kujibu la tatu, muage.

Miezi yangu 36 inaisha Machi 2027, nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni karibu na lile droo. Daktari anasema mkono hautarudi. Saa zangu bado ni 36.

Dada zangu wa kwenye rafu za viatu, simu ya Ticket to Work ni 1-866-968-7842, Jumatatu hadi Ijumaa. Hamhitaji kumtafuta mtoto wa jirani awafasirie, wala mume. Akipokea mtu, sema "Swahili", kisha usikate, subiri hata kama kimya ni kirefu. Huduma ya mkalimani ni ya bure. Akiingia kwenye laini, mweleze yote kwa Kiswahili chako, kiwe cha Lamu au cha Fizi, na kama hukuelewa jibu mwambie aulize tena.